Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Funzo la Televisheni ya Kihispania Mpakani

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii hunijia kila mara wanachama wenzangu wanapodai kwamba hatuna haja ya kuhangaikia Kiswahili katika vyombo vya habari vya mashinani. Mwenzangu mmoja aliyelelewa karibu na Lunga Lunga aliwahi kuniuliza: "Ya nini kujisumbua, ilhali Kiswahili fasaha kinatufikia bure kutoka Tanzania?" Swali lake lina mvuto. Hata hivyo, limejengwa juu ya dhana kwamba lugha ikishasikika, kazi yake imekwisha. Katika makala haya ninanuia kuipinga dhana hiyo kwa mfano wa televisheni ya Kihispania katika mji wa El Paso, jimbo la Texas, kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko.

El Paso na Ciudad Juárez ni miji miwili inayotazamana kuvuka mto mmoja. Wamarekani huuita mto huo Rio Grande. Wameksiko huuita Río Bravo. Kwa mujibu wa sensa za mwaka 2020, El Paso ulikuwa na wakazi wapatao 680,000, na Juárez zaidi ya 1,500,000. Takriban wanane katika kila wakazi kumi wa El Paso ni wa jamii zenye asili ya Amerika ya Kihispania. Si wote waliohamia huko. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 uliitwalia Marekani eneo kubwa la Meksiko, na waliokuwa wakiishi humo wakajikuta katika nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Kwa wazee hao, mpaka ndio uliowavuka.

Lugha yao haikuheshimiwa. Kwa miongo mingi, mtoto aliyesikika akinena Kihispania katika shule za Texas aliadhibiwa. Msomaji Mkenya aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, au hata Kiswahili, hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Hata hivyo, mawimbi ya televisheni hayana pasipoti. Tangu miaka ya 1950, Juárez ulikuwa na kituo chake cha televisheni, na picha zake zilivuka mto bila kuulizwa. Mkazi wa El Paso aliyetaka kusikia Kihispania safi alihitaji kugeuza antena tu. Basi ya nini tena kuanzishwa, katika miaka ya 1980, kwa kituo cha KINT, chaneli ya 26, kitangaze Kihispania kutoka El Paso penyewe?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kituo cha Juárez humweleza mtazamaji mambo ya meya wa Juárez, maji ya Juárez na shule za Juárez. Vituo vya Kiingereza vya El Paso humweleza mambo ya El Paso, ila kwa lugha ambayo huenda haielewi vyema. Mama anayeishi upande wa Texas na kuishi kwa Kihispania hubaki katikati: ana lugha isiyozungumzia mtaa wake, na ana mtaa usiozungumziwa kwa lugha yake. Kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, Marekani ilipofunga mipaka ya nchi kavu kwa safari zisizo za lazima, mama huyu alihitaji kujua ni nani anayeruhusiwa kupita darajani na nani atarudishwa. Korona ilipofurika hospitali za El Paso mwishoni mwa mwaka 2020, alihitaji kujua pa kupimwa na la kufanya. Tamthilia kutoka Mexico City, hata ikiwa tamu vipi, haina jibu la maswali hayo.

Aliyeutambua ukweli huu mapema ni Ruben Salazar. Alizaliwa Ciudad Juárez mwaka 1928, akalelewa El Paso na kuanza uanahabari huko huko, kisha akapata jina katika gazeti la Los Angeles Times. Mwaka 1970 aliacha kazi ya kudumu gazetini, akawa mkurugenzi wa habari wa KMEX, kituo cha Kihispania cha Los Angeles, huku akiendelea kuandika safu yake. Kwa miaka mingi alikuwa amewaandika watu wake kwa Kiingereza ili wengine wawasome. Sasa alizungumza nao wenyewe. Tarehe 29 Agosti mwaka huo huo, baada ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, aliuawa na kombora la gesi ya kutoza machozi lililofyatuliwa na afisa wa usalama. Asiyeamini kwamba habari katika lugha ya watu ni jambo zito na aitafakari safari hiyo fupi.

Sina nia ya kuvipamba vituo hivi kuliko vinavyostahili. Hivi ni biashara. Raoul Cortez alipoanzisha KCOR-TV mjini San Antonio mwaka 1955, runinga nyingi za wakati huo hazikuweza kunasa chaneli za UHF bila kifaa cha ziada, na watangazaji wa bidhaa walisitasita. Kufikia mwaka 1961 kituo kiliuzwa kwa kundi lililomshirikisha tajiri wa televisheni wa Meksiko, Emilio Azcárraga Vidaurreta. Mtandao uliochipuka hapo ulitegemea mno vipindi vya kuagizwa, na mwaka 1986 jaji wa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani aliamua kwamba leseni za vituo vyake zisihuishwe, kwa kuwa vilidhibitiwa na wageni. Viliuzwa, na mwaka 1987 mtandao ukaitwa Univision. Hata leo, mtu akizihesabu saa za tamthilia na saa za habari za mtaani, tamthilia hushinda kwa mbali. Lakini udhaifu huu unaithibitisha hoja badala ya kuivunja: thamani ya kituo cha mpakani imo katika ile nusu saa ambayo hakuna mwingine awezaye kuitengeneza.

Tena kuna suala la usanifu, ambalo sisi wanafunzi wa isimu hulipenda. Mkazi wa mpakani huliita gari lake la mizigo *troca* na chakula chake cha mchana *lonche*, maneno yaliyozaliwa kwa kukutana na Kiingereza. Msomaji wa habari husema Kihispania sanifu. Mhojiwa hujibu kwa lugha ya mtaani. Na habari hueleweka. Usanifu haukujengewa ukuta wa kumzuia mwenye lugha asiseme.

Nirejee sasa kwa mwenzangu wa Lunga Lunga. Redio ya Tanzania humfunza msamiati mzuri, nami naishukuru. Lakini haitamwambia bunge la kaunti ya Kwale limepitisha bajeti gani, wala zahanati yao itapata dawa lini. Taarifa ya saa moja kutoka Nairobi nayo haina nafasi ya kisima cha kijiji chake. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na tangu mwaka 2013 tuna serikali za kaunti 47. Hata hivyo, nyaraka nyingi za kaunti hizo huandikwa kwa Kiingereza, nasi tunaendelea kujadili ushairi kana kwamba bajeti si lugha.

Ninapendekeza kwamba chama chetu, pamoja na makongamano yake ya kila mwaka, kiwaandae wanafunzi wanaoweza kukaa katika kikao cha bunge la kaunti asubuhi na kukieleza redioni jioni, kwa Kiswahili ambacho mama wa Lunga Lunga au wa Taveta atakielewa. Nyoka yumo uani mwetu. Tusiendelee kuisifu fimbo ya jirani.