Mgonjwa wa Baipola Arudishiwe Sauti Yake

Katika mialo ya Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika. Giza likirudi, taa huwashwa majini na watu hukesha usiku hadi usiku. Kwa anayeishi na baipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu kupita kiasi kisha yakamporomosha, kukesha huko ni hatari: kukosa usingizi kunaweza kuamsha maradhi upya.

Akipanda, hujiona hana mfano. Atakopa kwa matajiri wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, atagawa hata fedha za ada. Akishuka, hujiona si kitu, na wapo wanaotamani kufa. Kwa hiyo wito wa "jiamini" haumsaidii: aliyepanda tayari anajiamini kupita kiasi, na aliyeshuka huusikia kama lawama nyingine.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kipindi kisichozungumzwa: akiwa mzima. Amehudhuria kliniki katika hospitali ya Bugando au Sekou Toure, anameza dawa, analala vizuri. Anarudi nyumbani Igogo, anakuta simu yake iko kwa kaka, fedha zake zinashikwa na mke, na kikao cha ukoo kinaendelea huku yeye akiambiwa akapumzike. Akicheka sana, watu hutazamana. Akikasirika, tena kwa haki, huulizwa: "Dawa umekunywa?" Mtu huyu atajithamini kwa lipi?

Familia zina hoja nzito. Aliyeuza ng'ombe kulipa madeni ya ndugu yake ana sababu ya kuogopa, na simwambii afumbe macho. Ila ulinzi aliowekewa mtu bila kuulizwa haulingani na ule alioupanga mwenyewe akiwa timamu. Akisema, "Nikikesha siku mbili, chukueni simu yangu mnipeleke kliniki, nikitulia, nirudishieni," ameamua mwenyewe, na heshima yake imebaki. Makubaliano hayo yaandikwe, na yaonyeshe lini yanakoma. Ulinzi usio na mwisho, kwangu mimi, ni kifungo.

Kazi nayo ina uzito wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Mvuvi wa dagaa asiye na mkataba hutegemea huruma ya tajiri mwenye mtumbwi tu. Akiugua mara moja, nafasi yake mtumbwini huchukuliwa na mwingine.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo kwenye mialo na vinawajua wavuvi wao. Vizungumze na matajiri: anayerudi kutoka hospitali apewe kazi ya mchana, ya kupima mzigo, kuanika dagaa kwenye vichanja au kushika daftari, na alipwe kama wenzake. Na nyumbani, kikao kijacho cha ukoo kikiitishwa, aitwe naye, aketi na wenzake, aulizwe anaonaje.