Naamani hakutoka mtoni mara ya tatu

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Misugusugu neno "mwachie Mungu" husikika kila wiki. Ni neno jema. Lakini mwezi huu tunapenda kuuliza: je, kumwachia Mungu ni kukaa tu? Tunauliza kwa sababu ya ugonjwa mmoja unaodai subira nyingi, nao ni kifua kikuu.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu cha mapafu huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina 4, kisha aina 2 kwa miezi 4. Hatari iko hapo katikati. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, homa za jioni huondoka, hamu ya chakula hurudi. Mgonjwa hujiona amepona, na vidonge vinamchosha. Kumbe vijidudu vilivyobaki mapafuni hufa polepole. Akiacha dawa, huweza kuongezeka tena, pengine vikiwa vimezoea dawa. Hapo ndipo huzaliwa kifua kikuu sugu, ambacho huweza kuambukiza nyumba nzima.

Tumemwona jirani aliyeacha dawa mwezi wa tatu, baada ya kuambiwa kwenye maombezi kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Alipotoa ushuhuda tulimpigia makofi. Baadaye alirudishwa hospitali akiwa amebebwa, na mtoto wake naye akakutwa na ugonjwa. Wote wawili walitibiwa, lakini makofi yale bado yanatuuma.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, kinatusimulia habari za jemadari Naamani. Nabii Elisha alimwagiza ajichovye mto Yordani mara 7. Alikasirika, kwani alitazamia muujiza wa papo hapo. Alitakasika alipotimiza mara zote 7. Je, angetoka mtoni mara ya tatu? Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake. Basi anayemaliza dozi hamvunjii Mungu heshima. Anamngojea Mungu katika njia ambayo Mungu mwenyewe ameiweka.

Nchi yetu inaijua subira hii. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, aliugua kifua kikuu katika kambi ya wafungwa ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1977 Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, alishirikiana na wataalamu wetu. Kazi yao haikuwa ya kishindo: kupima makohozi kwa darubini, kuhakikisha dawa hazikatiki, kumsimamia mgonjwa anapomeza, na kumwandika kila mmoja daftarini hadi amalize. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliieneza njia hiyo kwa mataifa mengi.

Lakini subira isigeuzwe uzembe. Mwenye kukohoa kwa wiki 2 au zaidi, kutoka jasho usiku au kukonda asingoje. Aende zahanati au hospitali akapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kinachopungua mara nyingi ni nauli, uji na mtu wa kumtia moyo.

Maoni yetu ni haya: kila jumuiya yenye mgonjwa imchague mtu mmoja wa kumtembelea, amwone akimeza dawa, wasali pamoja, naye asimwache mpaka kidonge cha mwisho. Ushuhuda tuutoe siku hiyo, na makofi tuyaweke akiba mpaka hapo. Subira yavuta heri.