Laini Mbili, Sikio Moja

Mwezi wa Agosti mwaka jana mama yangu, ambaye ni mkulima wa majani chai huko Konoin, Kaunti ya Bomet, alishikwa na shinikizo la damu usiku, na simu yake ilikuwa imezima. Jirani ndiye aliyemfikisha hospitalini alfajiri kwa bodaboda. Mimi, mwanawe, nilipata habari saa tatu asubuhi. Simu yenyewe ilikuwa imechajishwa dukani jana yake tu.

"Hii laini yako ndiyo inayokula moto, mwanangu," aliniambia alipopata nafuu. Nilicheka. Mimi ndiye niliyemtilia laini hiyo ya pili katika simu yake ya tochi, zile tuziitazo mulika mwizi, ili niweze kumpigia kwa bei nafuu. Nilipolichunguza jambo lenyewe, nikaona kwamba mama alikuwa na hoja, nami mwenye shahada ya uzamifu sikuwa nayo.

Yamkini msomaji hudhani kwamba simu isiyotumiwa imelala. La hasha. Huamka kila baada ya sekunde moja au mbili hivi kuusikiliza mnara, isije ikawa inaitwa. Simu ya laini mbili, hasa hizi za bei ya chini, aghalabu huwa na redio moja tu, na laini hizo hugawana redio hiyo kwa zamu: sikio moja likitegwa kwenye milango miwili. Maadam minara yote miwili i karibu, gharama yake si kubwa. Balaa huanza pale mnara mmoja usiposikika. Laini iliyopoteza mnara haikati tamaa. Huyapekua masafa moja baada ya jingine, ikikosa hupumzika kidogo, kisha huanza upya. Ikibahatika kunasa mawimbi hafifu, hujitambulisha kwa nguvu zake zote, pengine isijibiwe, nayo ikarudia. Na nguvu hizo si haba: simu ya 2G huweza kurusha hadi wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi, ilhali ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2.

Anayeijua nchi ya Kericho na Bomet ataelewa mara moja. Ni nchi ya vilima na mabonde, na chai imeteremka nayo hadi karibu na mito. Minara mingi utaiona kandokando ya barabara kuu, katika miji kama Litein na Kapkatet, na juu ya vilima. Ukishuka bondeni hatua mia mbili, mtandao mmoja hutoweka na wa pili ungali unasikika. Mchumaji hupanda na kushuka miteremko hiyo kutwa nzima akiwa na kikapu mgongoni, na laini mfukoni mwake hupotea, hupatikana, hupotea tena. Jioni anapotaka kutazama ujumbe wa malipo yake, simu imekufa.

Mitandao nayo hupata hasara. Mtu anapozungumza kwa laini ya kwanza, redio ile moja imeshikwa, kwa hiyo laini ya pili haisikii kitu. Mtandao wa pili humwita, humwita tena, hatimaye hueneza wito huo hadi minara ya jirani. Yote hiyo ni kelele ya bure. Muungano wa 3GPP, unaotunga kanuni za simu duniani, uliliona jambo hili. Katika toleo lake la 17, lililokamilishwa mwaka 2022, uliweka njia ya simu kuuaga mtandao mmoja kabla ya kwenda kuusikiliza mwingine. Lakini kanuni hizo ni za 4G na 5G. Mulika mwizi ya mama haimo.

Je, kwa nini tunabeba laini mbili? Tulifundishwa na bei. Hadi mwaka 2010, kampuni ya simu ilipopokea simu kutoka kampuni nyingine ilitoza shilingi 4.42 kwa dakika. Mwaka huo ada hiyo ikashushwa hadi shilingi 2.21, na kufikia Machi 2024 ilikuwa senti 41. Ukuta umebomolewa karibu wote, lakini vifurushi vya bei nafuu bado hutuvuta huku na huku, na laini ya kupokelea pesa hakuna athubutuye kuitoa. Mgawanyiko wa kampuni umekuwa mzigo wa betri ya mkulima.

Nikiwa mwanaisimu, kinachonikera zaidi ni hiki. Simu nyingi zina kitufe cha kuzima laini moja na kuiacha nyingine, lakini kimefichwa nyuma ya maneno ya Kiingereza. Na palipotafsiriwa, utakuta mambo kama "Hali ya ndegeni", ambayo huzima laini zote, mbele ya mtu ambaye hajawahi kupanda ndege na wala hana haja nayo. "Zima laini ya pili" yangetosha. Mwalimu wa fizikia naye anaweza kuwapa wanafunzi wake simu mbili za aina moja zilizojaa chaji, moja ikiwa na laini isiyo na mnara, wapime ipi itazima kwanza.

Lakini bonde halitainuliwa na kitufe. Kampuni hukubali kugawana nguzo ya chuma, kisha kila moja ikafungia mawimbi yake. Hali kanuni za simu tayari huruhusu anayepiga 112 kupitia mnara wowote unaosikika, awe wa kampuni yake au sivyo. Kwa nini mama mgonjwa asiweze kumwita mwanawe kwa njia iyo hiyo, kampuni zikahesabiana ada zao baadaye? Swali hili ni la Mamlaka ya Mawasiliano, nami ningependa kulisikia likijibiwa Konoin, si Nairobi.

Laini ile mama amenirudishia, imeviringwa katika risiti ya majani chai. Simu yake sasa hukaa siku nne. Mimi humpigia kwa bei ya juu.