Waraka kwa wanachama: jamvi la jirani

Ndugu zangu wanachama, wake kwa waume,

Nawaandikieni moyo ukiwa mzito. Msimu huu mikarafuu yetu ya Pemba imezaa mpaka matawi yameinama, alhamdulillahi. Lakini wiki iliyopita, alasiri, wingu lilitanda na mvua ikashuka ghafla juu ya majamvi ya mjane mmoja wa chama chetu. Karafuu zake, zilizobakisha siku moja kukauka, zikaloa na kugeuka rangi. Watu wanne tulikuwa barazani, hatua ishirini tu kutoka pale, tunazungumza bei. Hakuna aliyeinuka. Mmoja akasema, "Kila mtu na bahati yake," tukanyamaza. Mimi mwenyekiti wenu nilikuwa miongoni mwa hao wanne.

Ndugu zangu, neno hilo si letu. Tumelelewa kwamba wingu likitanda, jamvi hukunjwa na aliye karibu; la nani, huulizwa baadaye. Tena sisi Wapemba ndio tusiostahili kabisa kujivunia bahati. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba kikaigusa kidogo tu. Tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho shamba kuu la karafuu. Je, wazee wetu walikuwa wema kuliko ndugu zao wa Unguja? Hasha, upepo ulipita kwingine. Vivyo hivyo, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Hapo nako hatukuwa tumemkosea mtu.

Basi neema tusiihesabu kuwa ujira wa wema wetu, wala mkosi wa mwenzetu tusiufanye hukumu. Mkarafuu wenyewe unatufundisha: ukizaa sana mwaka huu, mwakani aghalabu hupumzika, na anayehesabu magunia leo huenda akapiga hodi kukopa mchele.

Nawaombeni Ijumaa hii, baada ya sala, kila mmoja aje na kilo mbili za karafuu kavu tumfidie mwenzetu. Zangu nimeshazipima. Na wingu likitanda tena, atakayekuwa karibu akunje.

Wasalaam,
Mwenyekiti wenu