Usimwachilie Kabla ya Filimbi

Leo naomba dakika tano zako. Ujumbe huu ulianza kunihukumu mimi mwenyewe kabla sijauleta kwako.

Vijana wengi hapa mnamkumbuka Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu aliyetoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, katika ule mpira wa Marekani wa kuvaa helmeti. Lakini kabla yake alikuwako mtoto wa majirani zetu wa Uganda. Anaitwa Mathias Kiwanuka. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, na mwaka 2006 timu ya New York Giants ilimchagua katika raundi ya kwanza, akiwa mchezaji wa 32.

Kiwanuka alicheza mstari wa mbele wa ulinzi. Kazi ya watu wa mstari huo ni kupambana na majitu yaliyo mbele yao, wapenye, wamfikie mrushaji wa mpira wa timu ile nyingine, wamwangushe kabla hajaurusha. Kumfikia tu haitoshi. Ni lazima umshike mpaka aanguke, au mpaka filimbi ilie.

Sasa nisikilize. Tarehe 26 Novemba 2006, Giants walikuwa Nashville wakicheza na Tennessee Titans. Kiwanuka alikuwa katika msimu wake wa kwanza. Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21 kwa 0. Titans wakaanza kurudi. Katika mchezo huo timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi kumi. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Titans walikuwa wamefika jaribio la nne, na yadi kumi zote bado ziko mbele yao. Kiwanuka akapenya, akamfikia mrushaji, Vince Young, akamkumbatia kabisa. Kazi ilikuwa imebaki kumlaza chini tu.

Akamwachilia.

Kwa nini? Alidhani mpira umeshatoka. Na sheria inasema ukimwangusha mrushaji baada ya mpira kumtoka, mwamuzi anarusha kitambaa cha manjano na timu yako inaadhibiwa. Kumbe Young alikuwa bado na mpira mkononi. Alikimbia nao, akavuka zile yadi kumi na zaidi. Titans wakasawazisha, na sekunde za mwisho wakashinda 24 kwa 21.

Mpendwa, usimcheke Kiwanuka. Hakuwa mvivu wala mwoga wa kugongana na watu. Alifanya kazi yote ngumu, kisha akaachilia kwa sababu mbili: alidhani mambo yamekwisha, na aliogopa adhabu. Nimeishi na sababu hizo mbili mimi mchungaji wako.

Kuna kijana mmoja aliyekuwa akichonga mawe pale machimboni. Amenipa ruhusa niandike haya, ila jina lake silitaji. Aliokoka, akawa anakuja mpaka kesha za Ijumaa. Lakini alikuwa na vita moja, kubeti. Alikopa kwa washirika akisema ni kodi ya nyumba, pesa zikaenda kwenye mechi. Jambo lilipojulikana, nilimwita, tukalia pamoja, tukaomba, tukaandika kila deni kwenye karatasi. Nikaahidi kumpigia simu kila jioni saa tatu. Nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa, na alikuwa anasimama.

Halafu maneno yakaanza. Wengine waliniambia, "Pastor, unafuga mwizi." Wengine wakasema atanichafulia huduma. Jioni moja nikapiga simu, haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Nikajiambia moyoni, huyu ameshaenda, amerudi alikotoka. Na niseme ukweli mbele za Mungu, kuna sehemu yangu iliyopumua. Sasa kelele zingeisha. Sikutembea hata ile dakika kumi mpaka mlangoni kwake.

Miezi minne baadaye tukakutana stendi ya matatu, Kitengela. Nilitaka kumwuliza kwa nini alinitoroka. Akaniambia, "Pastor, ile simu niliiuza nikamlipa mama mmoja wa kanisa. Nilijua ukinikosa hewani utakuja nyumbani."

Sikuwa na jibu. Mimi nilisema ameshaenda, kumbe alikuwa analipa deni. Aliendelea kuningoja, hakuniona, na baadaye alirudi kubeti.

Ndiyo maana leo natoa maoni yangu bila kuzunguka. Sisi watu wa kanisa tunajua sana kuwafikia watu. Tunafanya mikutano, tunapiga vipaza sauti, tunahesabu waliookoka. Lakini mtu akiteleza mara moja baada ya hapo, tunaachilia haraka, kisha tunasema tumemwachia Mungu. Mara nyingi hatujamwachia Mungu. Tumechoka, au tumeogopa washirika watasema nini.

Utaniuliza, "Pastor, hakuna mahali pa kuachilia?" Pako. Babu yake Kiwanuka ananisaidia hapa. Alikuwa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu. Mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, aliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Septemba ya mwaka huohuo, wanajeshi walimchukua kutoka Mahakama Kuu pale Kampala, na akauawa.

Angalia watu hawa wawili wa familia moja. Mjukuu aliachilia akiogopa kuadhibiwa. Babu alitoa amri ya kuachilia wakati adhabu ingeweza kuwa kifo. Kwa hiyo kabla hujafungua mkono, jiulize unasukumwa na nini. Mama anayepigwa nyumbani, simwambii ashikilie. Atoke, atafute usalama, na kanisa limpokee. Aliyekukosea na umemshika rohoni miaka kumi, mwachilie. Lakini ndugu anayepigana na dhambi yake na bado anatafuta mkono wako, huyo usimwachilie kwa sababu ya maneno ya watu.

Na kumshika si kumfichia. Deni lilipwe. Ukweli usemwe. Ila anayelipa asilipe peke yake gizani.

Sasa, hadithi ya Kiwanuka haikuishia Nashville. Kocha hakumfukuza. Mwaka 2007 walimhamisha nafasi, akacheza nyuma ya ule mstari. Novemba akavunjika mguu. Februari 2008 Giants waliwashinda New England Patriots, ambao hawakuwa wamefungwa hata mchezo mmoja msimu ule, na yeye hakuweza kucheza. Alirudi msimu uliofuata kwenye mstari wa mbele. Mwaka 2010 shingo ikamtoa tena. Lakini tarehe 5 Februari 2012, Giants waliwashinda Patriots tena, 21 kwa 17, safari hii yeye akiwa uwanjani. Na fainali hiyo ilichezwa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa.

Kama timu ya mpira inaweza kumshika kijana aliyewapotezea mchezo, kanisa lililonunuliwa kwa damu linashindwaje? Soma Matendo 15 uone Barnaba alivyomshikilia Marko wakati Paulo hakumtaka safarini. Kisha soma mwisho wa barua ya pili kwa Timotheo, uone ni nani Paulo anaomba aletewe kwa kuwa anamfaa katika huduma. Ni Marko yuleyule.

Wiki hii nakupa kazi moja. Kuna jina limekujia ukisoma hapa. Mtu uliyekuwa unamwombea, ukasema ameshaenda. Usimtumie aya ya Biblia kwa WhatsApp halafu ukaridhika. Mpigie. Simu isipoingia, vaa viatu uende. Usianze na mahubiri, muulize amekula nini.

Mimi kila Jumanne saa saba mchana niko machimboni. Nakula githeri na yule kijana na wenzake kwenye mawe. Hajashinda bado. Wiki nyingine ananiambia amesimama, wiki nyingine anaangalia chini, na mimi naelewa. Karatasi ya madeni tumeifungua upya. Yamebaki matatu.

Baba, utusamehe tulioachilia mapema. Tupe nguvu mikononi na utuondolee hofu ya wanadamu. Wale tuliodhani wameenda, utuonyeshe njia ya kufika mlangoni kwao kabla ya Jumapili. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika Amina. Lakini kabla hujaandika, piga ile simu.

Mchungaji wenu, Kware.