Mtambo wa Kutoa Nguvu Katika Land Rover ya Zamani

Yafaa wenye Land Rover za zamani wakumbuke kwamba gari hilo halikukusudiwa kuwa la kusafiria tu. Lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948, wenye kiwanda cha Solihull, Uingereza, walitaka liwe pia injini ya shamba: lisimame mahali pamoja na kuzungusha pampu ya maji, kinu cha mahindi, msumeno, au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kutoa nguvu, ambao mafundi huuita piti-o. Mkulima aweza kununua mtambo uliokwisha kutumika na kuufunga akisaidiwa na fundi mwenye subira. Lakini asipofuata utaratibu ataharibu giaboksi, au atapoteza mkono wake.

Mtambo wa nyuma una sehemu kubwa tatu. Ya kwanza ni kisanduku kinachofungwa nyuma ya giaboksi, chenye wenzo wa kuunganisha na kutenga nguvu. Ya pili ni shafti ndefu ipitayo chini ya gari. Ya tatu ni kisanduku cha gia kinachofungwa nyuma kabisa ya chesisi, ambamo hutokeza shafti fupi yenye meno sita. Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba sehemu zote tatu zipo pamoja na wenzo wake, maana kutafuta kipande kimoja kilichopotea kwaweza kuwa ghali kuliko mtambo wenyewe. Zungusha shafti kwa mkono. Ikicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Fungua mafuta utazame: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na yamkini kutu imekula ndani.

Katika kufunga, usafi ni nusu ya kazi. Zuia magurudumu kwa mawe, tenga betri, mwaga mafuta ya giaboksi, na usugue matope yote kabla ya kufungua kifuniko cha nyuma, kwa sababu chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu beringi mpya. Tia gasketi mpya. Sili ya mafuta itiwe mdomo wake ukielekea upande wenye mafuta, nayo ipakwe mafuta kwanza. Pia papasa shafti mahali sili inapogusa. Pakiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, hata sili mpya itavuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mafuta yakiisha kidogo kidogo, gia zitaungua.

Shafti ndefu ina jointi mbili. Uma zake za mbele na za nyuma hazina budi kulala katika mstari mmoja. Zikipishana, shafti itatetemeka na kuvunja beringi.

Ukimaliza, jaza mafuta mazito ya gia mpaka yafike kwenye tundu la kipimo. Weka wenzo wenye kirungu chekundu katikati, ili nguvu isifike magurudumuni, ukaze breki ya mkono. Kanyaga klachi mpaka chini ndipo uunganishe mtambo, kisha utie gia ya kwanza. Uache uzunguke polepole kwa muda wa robo saa. Zima injini, nawe utazame uvujaji na upapase visanduku kama vimepata joto la kupita kiasi.

Angalia sana mwendo. Mtambo huu hupata nguvu baada ya gia, kwa hiyo dereva akitia gia kubwa, mashine itazunguka kwa kasi isiyoandaliwa. Mashine nyingi za shamba hutaka mizunguko 540 kwa dakika. Soma kibao cha mashine, upime kwa kipimo cha mizunguko. Kama gari halina gavana, mtu mmoja asiondoke kwenye mafuta, kwa kuwa mzigo ukipungua ghafula injini hukimbia. Na gari lililosimama halipati upepo wa safari, basi jicho moja liwe kwenye kipimo cha joto.

La mwisho ndilo kubwa. Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde. Shafti hiyo yenye unene wa milimita 35 huweza kuvuta karibu mita nzima ya nguo katika sekunde moja. Hakuna mtu awezaye kujinasua kwa upesi huo. Kwa hiyo bati la kufunika shafti lisipokuwapo, kazi isianze. Kanzu, leso, shuka na mikono mirefu ya shati visikaribie, na watoto wakae mbali. Wala mtu asiruke shafti inayozunguka, wala asifungue mkanda uliokwama, mpaka injini imezimwa na ufunguo umo mfukoni mwake.