Si Damu Yetu, ni Kirusi

Hapa Gisenyi, kuanzia soko la Mbugangari hadi foleni ya mpakani Petite Barrière, utasikia watu wakisema: dawa za homa ya ini C ni za Wazungu, damu ya Mwafrika inazikataa. Imani hii ni potofu, na inawafanya wagonjwa wabaki nyumbani ini likiharibika.

Ina chanzo chake. Enzi za sindano za interferoni, utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa Weusi waliopona walikuwa asilimia 19, Wazungu 52. Watu wakahitimisha kuwa ni rangi. Mwaka 2009 ikagundulika tofauti ndogo karibu na jeni la IL28B, iliyoeleza karibu nusu ya pengo hilo. Aliyerithi jeni zuri alipona kwa urahisi zaidi, awe Mweusi au Mzungu. Isitoshe, interferoni ilitegemea kinga ya mgonjwa mwenyewe. Vidonge vya leo vinakishambulia kirusi moja kwa moja.

Tazama yaliyotokea kwetu. Mwaka 2017, mjini Kigali, Wanyarwanda 300 walianzishiwa sofosbuvir na ledipasvir, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12. Walipona 261. Lakini kati ya 48 waliokuwa na aina ndogo ya kirusi iitwayo 4r, walipona 27 tu. Kati ya wengine 252, walipona 234. Wote Wanyarwanda, wote kidonge kile kile! Kilichowatenganisha ni kirusi: 4r mara nyingi huwa tayari na mabadiliko katika protini inayolengwa na ledipasvir. Kipo kwetu na Kongo, Ulaya ni nadra, na majaribio makubwa ya dawa hizi yalifanyiwa zaidi Marekani na Ulaya.

Hilo ndilo linaloniudhi. Tukisingizia damu yetu, tunawapa nafuu waliotuacha nje ya utafiti, na tunamkatia tamaa mgonjwa anayetibika. Maana wagonjwa 40 ambao dawa ya kwanza iliwashinda walipopewa mseto wa sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, walipona 39.

Ndugu yangu uliyemaliza vidonge, rudi kituo cha afya wiki 12 baadaye upimwe kama kirusi kimekwisha. Kikiwa bado kipo, usikubali kuambiwa ni asili yako. Uliza dawa ya pili.